Kukuza seli safi za misuli ya moyo kutoka seli shina za binadamu

Moyo wa mtu mzima karibu hauzalishi misuli mipya. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na akifika miaka 75 kiwango hicho kimeshuka chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo eneo lililokufa kwa shambulio la moyo haliponi kwa kuota upya, linabaki kovu. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuchukua kipande cha moyo, ukakizalisha maabarani, ukapata seli za kufanyia kazi mwaka mzima.

Njia tuliyo nayo ni kuanzia kwa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi na zinaweza kugeuka kuwa za aina nyingine. James Thomson wa Wisconsin alizipata kutoka viinitete vya binadamu mwaka 1998, na mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Kyoto akatangaza kwamba seli za ngozi ya mtu mzima zinaweza kurudishwa kwenye hali hiyo. Mwongozo huu unatumia seli za aina hii ya pili, kwa njia ya kuwasha na kuzima mawasiliano ya Wnt (ishara ambazo seli hupeana kiinitete kinapojengeka) iliyotengenezwa Wisconsin na kuchapishwa mwaka 2012. Ni rahisi kuliko nyingine nyingi, haihitaji protini ghali za ukuaji, na ukiishika vizuri inatoa sahani ambayo zaidi ya asilimia 80 ya seli ni za moyo hata kabla ya kusafisha.

Mambo mawili nayasema mapema. La kwanza: sahani kudunda si ushahidi wa usafi. Seli za moyo huunganishwa kwa umeme na huvuta zile zilizo jirani, kwa hiyo kisima (kishimo kimoja cha sahani) kinaweza kutikisika ukingo hadi ukingo huku sehemu kubwa ya seli zake ni za tishu unganishi au za misuli laini. La pili: hatua ya kusafisha haiokoi sahani iliyoharibika siku ya tatu. Usafi unajengwa tangu kwenye ubora wa seli shina, wingi wa kupanda, na saa ya kubadilisha midia, yaani maji yenye lishe ya kukuzia seli.

Na usafi una maana yake. Moja ya kazi kubwa za seli hizi ni kupima kama dawa inavuruga umeme wa moyo. Halofantrini, dawa ya malaria, iligundulika kurefusha muda wa moyo kujichaji upya baada ya pigo, hali inayoweza kuua. Ukipima dawa ya namna hiyo kwenye mchanganyiko wa seli za kila aina, jibu unalopata si la moyo. Kwenye kupandikiza, hatari ni kubwa zaidi: seli shina chache zilizobaki bila kubadilika zinaweza kuota uvimbe.

Mwongozo huu ni wa maabara ya utafiti peke yake. Seli zinazotoka hapa hazichomwi mwilini mwa mtu yeyote. Ukisikia kliniki inauza sindano ya seli shina kwa wagonjwa wa moyo, muulize mhusika kibali cha majaribio ya tiba kiko wapi.

Kabla ya kuanza

Kibali kwanza. Seli za binadamu zina mtu aliyezitoa, na ridhaa yake inaeleza zitumike kwa lipi. Tanzania utapitia kamati ya maadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), Kenya utahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Seli zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa kabla kisanduku cha barafu kavu hakijapanda ndege.

Vifaa ni vya maabara ya kawaida ya kukuzia seli: kabati safi, inkubeta ya nyuzi joto 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5, hadubini, sentrifuji, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na tangi la nitrojeni ya maji. Inkubeta iwe na umeme wa akiba. Umeme ukikatika usiku kwenye siku tatu za mwanzo, sahani ikapoa kwa saa kadhaa, usijipe moyo kwamba itajirekebisha. Andika tukio hilo kwenye daftari na uanze nyingine.

Kisha zichunguze seli shina zenyewe, na hapa usifanye haraka. Zitazame zikiwa kwenye hadubini: makoloni yawe bapa, yamebanana, kingo zimekatika vizuri, kila seli ina kiini kikubwa na nafasi ndogo kukizunguka. Seli zinazotawanyika pembeni mwa koloni, zilizorefuka na kuchongoka, zimeshaanza kubadilika kuwa kitu kingine, na hizo ndizo uchafu utakaohangaika nao wiki tatu baadaye. Pima mikoplazma, ni bakteria wasioonekana kwa hadubini ya kawaida na hawatii midia ukungu, lakini wanapotosha kila matokeo. Pima kromosomu mara kwa mara, maana seli shina zilizokaa sana kwenye sahani huokota hitilafu zinazozifanya zikue haraka na kugoma kubadilika. Kila mara uanze na kichupa kutoka benki moja iliyopimwa, siyo na sahani iliyokuwa ikihamishwahamishwa tangu mwaka jana.

Kupanda

Visima vipakwe Matrigel, utando wa protini ambao seli hushikia. Hii inatokana na uvimbe wa panya na ina tabia moja inayowasumbua wageni: inaganda ikipata joto. Iyeyushe usiku kucha kwenye barafu ndani ya friji, tumia ncha za pipeti zilizopozwa, ichanganye na midia baridi ya DMEM/F12, mimina kwenye visima, kisha acha sahani kwenye nyuzi joto 37 kwa saa moja.

Tenganisha seli shina kwa Accutase (kimeng'enya cha kuzibandua) kama dakika tano hadi ziwe moja moja, zihesabu, na uzipande kwenye midia ya seli shina (mTeSR au E8) yenye Y-27632 kwa kiwango cha mikromola 10. Seli shina za binadamu zikitenganishwa moja moja hufa kwa wingi. Dawa hiyo ndiyo inayozivusha usiku wa kwanza. Kesho yake iondoe na ubadilishe midia kila siku.

Upande seli ngapi? Hakuna namba moja inayofaa kila ukoo wa seli, na anayekupa namba moja tu hajakusaidia. Sahani ya visima 12 ina safu tatu za visima vinne, na mpangilio huo unatosha jaribio zima la awali. Safu ya kwanza panda seli laki 3 kwa kisima, ya pili laki 5, ya tatu laki 8. Siku ya sifuri ikifika, visima vinne vya kila safu vipewe CHIR99021 (dawa ya kuwasha Wnt) kwa mikromola 6, 8, 10 na 12. Kwa sahani moja unapata ramani ya ukoo wako. Ifanye kabla ya kazi yoyote kubwa, na uirudie kila unapofungua boksi jipya la dawa au la Matrigel.

Siku ya sifuri

Kwa kawaida inafika siku mbili hadi nne baada ya kupanda, seli zikiwa zimefunika kisima kwa asilimia 85 au zaidi. Usianze kwa sababu kalenda inasema ni Jumatatu. Anza seli zikiwa tayari. Kama kuna mapengo, ngoja kesho.

Midia ya hatua hii ni RPMI 1640 yenye B27 (mchanganyiko wa virutubisho) isiyo na insulini, mililita 10 za B27 kwa chupa ya mililita 500. Insulini mapema huzizuia seli kuelekea kwenye moyo, na midia ya seli shina imejaa insulini. Kwa hiyo osha kila kisima mara moja kwa RPMI tupu kabla ya kuweka midia mpya. Ni hatua ya nusu dakika na watu wengi huiruka.

Weka mililita 2 zenye CHIR99021. Ukiwa na akiba ya milimola 10, mikrolita 1.2 kwa kila mililita inakupa mikromola 12. Dawa hii hukizuia kimeng'enya cha GSK3, Wnt inawaka, na seli zinaanza safari ambayo kiinitete hupitia kinapotengeneza tabaka la kati, tabaka ambalo moyo hutokea. Andika saa na dakika.

Siku ya 1 hadi ya 7

Baada ya saa 24 kamili toa CHIR, weka midia ileile bila dawa. Utakuta seli nyingi zimekufa na zinaelea, midia imekuwa ya maziwa. Ni kawaida na hakuna haja ya kushtuka, mradi tabaka la chini bado limeshika. Kama chini kumebaki visiwa tu, kiwango cha CHIR kilikuwa kikubwa kwa wingi ule wa seli. Usiache dawa ikapitiliza ukidhani unaiongezea nguvu. Mawimbi haya mawili, la kuwasha na la kuzima, yanategemea muda kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya 3, saa 72 tangu ulipoweka CHIR, unazima Wnt. Chota mililita 1 ya midia ya zamani kutoka kisimani, ichanganye na mililita 1 mpya, weka IWP2 (dawa ya kuzima Wnt) kwa mikromola 5, mwaga iliyobaki kisimani, kisha rudisha mchanganyiko huo. Nusu ya zamani inabaki kwa sababu seli zimekuwa zikitoa humo ishara zao zenyewe na hutaki kuzimwaga zote. IWP2 huyeyuka kwa shida. Ipashe akiba yake kwenye nyuzi joto 37 kwa dakika kumi na uitazame kwenye mwanga kabla ya kutumia. Ukiona chembe nyeupe zinaogelea, dawa iko kwenye chembe hizo na kisima chako kitapata pungufu. Hapo ndipo visima viwili vya sahani moja vinapotofautiana bila mtu kujua kwa nini.

Siku ya 5, badilisha midia, bado bila insulini. Siku ya 7, hamia kwenye B27 yenye insulini na kuanzia hapo ubadilishe kila siku tatu.

Kudunda

Kati ya siku ya 8 na ya 12 utaona kisima kimejikunja kuwa mistari na matuta, na mahali fulani, mara nyingi kwenye tuta nene, kipande kidogo kinashtuka. Kinatulia. Kinashtuka tena. Ukitaka kuiona vizuri usikae na sahani nje: seli zikipoa zinapunguza mwendo ndani ya dakika chache, na mwanafunzi aliyechelewesha sahani mezani anaandika kwamba hazidundi. Siku mbili tatu baadaye vipande vinaungana na tabaka zima linavuta pamoja kama mkeka unaokunjwa kutoka pembe moja.

Kisima kisichodunda kinasema kitu pia. Seli bapa, kubwa, zilizotanda kila mahali ni dalili kwamba wingi wa kupanda au kiwango cha CHIR hakikuwa sawa. Makoloni yaliyobanana yenye kingo zinazong'aa, yanayoendelea kukua, ni seli shina ambazo hazikubadilika kabisa. Kisima hicho kitupe kizima, usichanganye seli zake na za wenzake. Tabaka likibanduka lote na kuelea mnamo siku ya 9 au 10, seli zilikuwa nyingi mno au Matrigel ilikuwa nyembamba, na nguvu ya mikunjo imeling'oa.

Hapa weka kigezo kigumu. Toa kisima kimoja, kitenganishe, pima asilimia ya seli zenye troponini T ya moyo, protini inayotambulisha misuli ya moyo. Mimi chini ya asilimia 70 sisafishi, naanza upya. Sahani dhaifu ukiisafisha unabaki na seli chache zilizochoka, zimezungukwa na mizoga.

Kusafisha kwa njaa ya sukari

Njia ninayoiamini zaidi kwa maabara isiyo na mashine kubwa ilichapishwa mwaka 2013 na kundi la Keiichi Fukuda wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, na iliwapa usafi wa hadi asilimia 99. Msingi wake ni chakula. Seli shina, na nyingi za zile zinazochafua sahani, huishi kwa kuvunja glukosi. Seli ya moyo inaweza kuchukua lakteti, ikaigeuza kuwa pairuveti na kuichoma ndani ya mitokondria zake. Ondoa glukosi, weka lakteti, na zile zisizojua kuitumia zinakufa zenyewe.

Kati ya siku ya 12 na ya 15 tenganisha tabaka kwa TrypLE, kimeng'enya kingine cha kubandua seli. Fanya polepole, kwa pipeti yenye mdomo mpana, maana seli hizi zimeshikana na ukizilazimisha unazipasua. Zipande upya, ukiwa na Y-27632 na seramu asilimia 10 kwa siku ya kwanza, na uzipande kwa wingi: seli za moyo hazitajaza mapengo kwa kuzaliana. Unaweza kusafisha bila kupanda upya, lakini kwenye matuta manene seli zisizotakiwa hujificha chini na maiti hazitoki.

Zipumzishe siku mbili hadi zidunde tena. Kisha osha mara mbili kuondoa mabaki ya glukosi na uweke DMEM isiyo na glukosi wala pairuveti, yenye lakteti ya sodiamu milimola 4. Ukiwa na akiba ya mola 1, ni mikrolita 4 kwa kila mililita. Siku ya pili mwaga, osha maiti, weka nyingine. Siku ya nne rudisha midia ya kawaida. Watafiti haohao wa Keio walionyesha mwaka 2016 kwamba ukiondoa na glutamini, seli shina zilizobaki zinakufa vizuri zaidi. Fanya hivyo kama lengo lako ni kuzifuta kabisa.

Usizidishe siku ukitafuta asilimia moja ya ziada. Kwa seli ya moyo yenyewe, kukosa glukosi ni mateso, na ukiivuta sana unaipima ikiwa mgonjwa. Baada ya kusafisha ipe angalau siku tatu za midia kamili kabla ya jaribio lolote.

Zipo njia nyingine mbili zinazofaa kujua. Kundi la Gordon Keller la Toronto lilionyesha mwaka 2011 kwamba seli za moyo zinazotokana na seli shina za binadamu hubeba kwenye utando wao wa nje protini iitwayo SIRPA. Unazipa kingamwili yenye vipande vya sumaku, unazipitisha kwenye mrija uliozungukwa na sumaku, za moyo zinabaki na nyingine zinatiririka. Kazi inaisha ndani ya saa chache na seli hazinyimwi chakula, ila kingamwili ni ghali. Ya pili ni ya Young-sup Yoon wa Emory na Gang Bao wa Georgia Tech, mwaka 2013: kipande kidogo cha DNA kilichokunjwa huingizwa ndani ya seli, na kikikutana na RNA ya jeni la misuli ya moyo kinafunguka na kung'aa, kisha mashine inachagua zinazong'aa. Ni njia maridadi, haibadilishi jeni za seli, lakini inahitaji mashine ya kuchagua seli moja moja.

Kupima usafi

Kipimo kikuu ni flo saitometri ya troponini T ya moyo, yaani mashine inayopitisha seli moja moja kwenye mwanga na kuzihesabu. Zikaze seli kwa paraformaldehaidi ili zibaki kama zilivyo, zitoboe utando kwa methanoli baridi, weka kingamwili. Kila mara uwe na sampuli mbili za kulinganisha: seli zilezile zilizopewa kingamwili isiyolenga chochote, na seli shina za siku ya sifuri zilizopewa kingamwili ya troponini. Bila hizo, mstari wa kutenganisha "ndiyo" na "hapana" unauchora kwa macho ya matumaini.

Usiishie kwa troponini. Pima OCT4 kuona kama kuna seli shina, na vimentini kwa seli za tishu unganishi. Halafu paka rangi ya alfa-aktinini (protini ya misuli) kwenye seli chache zilizopandwa mbalimbali na uzitazame kwa hadubini ya mwanga wa rangi: seli ya moyo ya kweli ina mistari ya msalaba iliyopangika sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiiona mistari hiyo unajua kinachodunda ni nini.

Ukiripoti, ripoti na umri. Seli safi ya siku ya 30 bado inafanana zaidi na moyo wa kijusi kuliko wa mtu mzima: ni ndogo, inadunda yenyewe bila kuamriwa, na inategemea sukari zaidi ya mafuta. Mwaka 2014 kundi la Charles Murry wa Chuo Kikuu cha Washington lilipandikiza seli bilioni moja za namna hii kwenye mioyo ya nyani. Misuli iliota na kuungana na moyo, lakini mapigo yalivurugika kwa muda. Usafi haukuondoa tatizo la uchanga. Kuzikuza wiki kadhaa zaidi, kuzipa asidi za mafuta na homoni ya dundumio (tezi ya shingoni), kunazikomaza kiasi.

Kuhifadhi

Gandisha mara tu baada ya kusafisha, kabla hazijakomaa sana, maana za umri mkubwa hustahimili barafu vibaya zaidi. Zitenganishe, zihesabu, uziweke kwenye seramu asilimia 90 na DMSO (kinga dhidi ya barafu) asilimia 10, milioni 2 hadi 5 kwa kichupa. Shusha joto nyuzi 1 kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kesho yake zipeleke kwenye nitrojeni.

Siku ya kuziyeyusha fanya haraka hadi kipande kidogo cha barafu kibaki, kisha ongeza midia tone kwa tone kwa dakika mbili, si kwa mkupuo. Panda ukiwa na Y-27632 na seramu, usiziguse saa 48. Zitakaa kimya siku mbili tatu kabla ya kuanza kudunda tena. Kutoka kila fungu ulilogandisha, yeyusha kichupa kimoja wiki inayofuata na urudie kipimo cha troponini, kwa sababu asilimia utakayoiandika kwenye jaribio ni ile ya baada ya barafu.